Kikombe Chini ya Kikombe cha Askofu

"Jamani, dini imepasuka vipande viwili!"

Redio aliingia kwenye mkahawa wa Verna akipunga karatasi ya klabu ya shabaha, hata mlango hajaufunga. Redio ni Lowell Brandvold, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na kuwazoesha watoto wa wilaya nzima kusinzia huku wakiongeleshwa. Tangu astaafu hana abiria, kwa hiyo matangazo yote anakuja kuyamalizia hapa, meza ya dirishani.

"Funga mlango kwanza. Baridi ya Montana hatujaialika," alisema Daktari bila kuinua macho kwenye pankeki zake. Huyu ni Merle Haskins, daktari wa ng'ombe mstaafu. Mpaka leo ukimsalimia anakuangalia meno.

"Sikilizeni habari, acheni kula. 'Mashindano ya Jumamosi ijayo yatakuwa na safu mbili. Safu ya kwanza, kama kawaida yetu, ni risasi za kusubu zenye kitako kitupu. Safu ya pili ni risasi za kusubu zenye kikombe cha shaba kitakoni. Kila mtu aandike jina lake kwenye safu yake. Risasi hazitakaguliwa. Neno la mtu linatosha.' Mmesikia? Vikombe! Kwenye uwanja wetu!"

"Kiama hiki," alisema Daktari. "Nisogezee siagi."

Mezani palikuwa na mtu wa tatu. Wendell Skaar, ambaye wenzake wanamwita Mizani kwa sababu hajawahi kupiga risasi asiyoipima uzito kwanza, alikuwa ameshika kikombe cha maji yake ya moto yenye kipande cha limau. Mfukoni mwa shati, upande wa moyo, alikuwa na kikombe kingine, cha shaba, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kilikuwa kimepoa tangu jana asubuhi, lakini yeye alikisikia bado kinamuunguza.

Mji huu mwanamume anayejiheshimu hanunui risasi dukani. Anayeyusha madini yake mwenyewe, anayasubu kwenye kalibu, anazipaka nta, kisha anakuja kwa Verna kugombana na wenzake juu ya kitako. Wengine wanasema kitako kiachwe kitupu, na risasi itumwe polepole kwa baruti kidogo. Wengine wanasema kivalishwe kikombe cha shaba, moto wa baruti usikile, ndipo risasi iende kasi na inyooke. Klabu ilikuwa ya vitako vitupu tangu mashindano yaanze, miaka kumi na tisa iliyopita. Zawadi ni kikaango kizito cha chuma, kinachotundikwa ukutani hapa mkahawani, na nyuma yake majina ya mabingwa yamekwaruzwa kwa msumari. Jina la Wendell halimo.

"Kikombe ni chupi," Redio alitangaza. "Semeni msemavyo. Risasi ya kweli haivai chupi."

"Na hiyo yako inayotembea uchi, inakwenda taratibu mpaka kulungu anaisikia, anamaliza kutafuna, anawaaga watoto, ndipo inafika."

"Si inafika?"

"Inafika kwenye boma la jirani. Mimi ndiye niliyemshona yule ndama, usinisahaulishe."

"Yule ndama alikuwa na matatizo yake! Daktari, hebu tuwe wakweli. Kitako kitupu kinamfunza mtu adabu. Ukiongeza baruti kwa tamaa, mtutu unapakwa madini ndani, unakesha unausugua kama sufuria iliyounguza uji. Sasa hawa vijana wa vikombe wanajaza baruti, wanafumba macho, paa! Hiyo ni shabaha au ni ugomvi?"

"Mtutu unapakwa kwa sababu mnamimina kabla kalibu haijapata moto," alisema Verna, akipita na vikombe vinne vya kahawa kwenye mkono mmoja, vimejaa mpaka ukingoni. "Kitako kinatoka na vishimo. Moto unapenya hapo hapo."

"Asante, mama. Tuongezee na ile asali ya mti ya pankeki," alisema Redio, na mjadala ukaendelea kama vile aliyepita ni upepo. Verna aliweka vikombe meza ya pili. Hakuna tone lililomwagika.

Karatasi ilibandikwa ukutani kando ya kikaango, na penseli ikaning'inizwa kwa uzi. Saa nne kamili katibu wa klabu angepita kuichukua, na baada ya hapo hakuna kubadilisha. Redio na Daktari walikwenda kuandika majina yao chini ya KITAKO KITUPU, wakisukumana mabega kama watoto mbele ya bomba. Redio alimwandikia na Askofu, mwenzao wa nne wa meza hii, maana alikuwa hajafika na hakuna aliyekuwa na haja ya kumuuliza.

Meza ikabaki na Wendell peke yake, na kikombe cha kahawa cha Askofu.

Kwa Verna kila mwenyeji ana kikombe chenye jina lake, na kinapangwa mezani kifudifudi mpaka mwenyewe aketi. Wendell alitazama lile jina, DELBERT QUIST, lililoandikwa kwa rangi nyekundu. Alitazama migongo ya wenzake. Mkono wake uliingia mfukoni wenyewe, ukainua kile kikombe kikubwa, ukaweka kile kidogo chini yake, ukarudi kushika maji ya moto. 

Wiki mbili zilizopita klabu ilichimba tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha, mahali risasi zote huishia, ili madini yayeyushwe upya. Lilikuwa halijachimbwa hata mara moja. Kila mwaka Askofu alisimama kwenye mkutano akalitetea, akisema mbayuwayu wanataga humo. Safari hii Askofu alilazwa na mgongo, na mbayuwayu wakakosa wakili. Udongo wa kila njia ya kupigia ulitiwa kwenye ndoo yake, na kila mtu akang'ang'ania ndoo ya njia yake mwenyewe. Redio aliikumbatia ya kwake akisema ni kumbukumbu. Daktari aliipakia ya kwake garini hata chai hajanywa. Wendell aliona ni mapenzi ya mchezo, na kwa kweli yalimgusa. Ndoo ya njia ya nne, ya Askofu, ilibaki haina mwenyewe, akapewa yeye aongezee kwenye yake.

Jana aliiyeyusha. Udongo ulielea juu, vijiwe vikaelea, akaviengua. Kisha vikaanza kuelea vikombe. Shaba haiyeyuki kwa moto wa kuyeyushia risasi. Vilipanda kimoja kimoja, vikapanda kumi kumi, vinang'aa, mpaka chano cha kuengulia kikajaa na yeye bado ameduwaa na kijiko mkononi. Kwenye njia ya nne hapigi mtu mwingine yeyote ila Askofu.

Wendell si mtu wa hasira, lakini jana, peke yake mbele ya tanuri, alimtukana Askofu kwa maneno ambayo hajayatumia tangu jeshini. Miaka minane iliyopita, baada ya kushindwa na Askofu kwa alama mbili, aliamini kosa ni mikono yake inayotetemeka, akaacha kahawa. Miaka minane! Mtu wa Montana, theluji mpaka madirishani, anakunywa maji na limau kama mwenye homa, na wenzake wanamuuliza kama ana ujauzito. Na Novemba hii binti yake anakuja kumchukua kwenda kukaa naye Arizona. Jumamosi ijayo ndiyo nafasi yake ya mwisho ya jina lake kuingia nyuma ya kile kikaango.

"Mizani, na wewe kaandike," alisema Redio akirudi kuketi. "Ila nikushauri kama ndugu. Mwaka wako wa mwisho huu. Nenda kwenye safu ya vikombe."

"Huko hakuna mtu," alisema Wendell.

"Ndiyo uzuri wake! Unapiga peke yako, unashinda peke yako, unapanda ndege umeacha jina nyuma ya kikaango."

"Bingwa wa chupi," alisema Daktari. "Bingwa ni bingwa."

Mlango ulifunguka, akaingia Askofu, mrefu, taratibu, mkono mmoja kiunoni. Hana kanisa wala kola. Jina alipewa kwa mahubiri yake ya kitako kitupu, ambayo yameshafukuza meza nzima za wageni.

"Shikamooni nyote mnaoamini," alisema.

"Askofu, umeikuta habari? Wameleta safu ya vikombe!"

"Nimeikuta, na nimelala nayo vibaya." Aliketi kwa uangalifu mbele ya kikombe chake kilichofudikizwa. "Wanangu, kikombe ni nini? Kikombe ni uvivu. Mtu ameshindwa kuchanganya madini yake, ameshindwa kupima baruti yake, anakwenda kutafuta kipande cha shaba kimfichie aibu. Mtu anayevalisha risasi yake atamdanganya mkewe."

"Amina," alisema Redio, na Daktari akaitikia akiwa na pankeki mdomoni.

"Kwani utajuaje kama mtu amevalisha?" aliuliza Wendell.

Daktari alirudi kwenye pankeki zake.

"Una maana gani?" alisema Askofu.

"Nauliza tu. Kitako kiko ndani ya ganda. Huwezi kumfunulia mwenzako ganda."

"Hapo ndipo inapoingia imani, Mizani," alisema Askofu kwa upole. "Halafu, hivi ile ndoo yangu... umeshaiyeyusha?"

"Bado," alisema Wendell, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza mwaka huu.

"Usijisumbue, bwana. Udongo mtupu ule. Nitapita leo kuichukua, nikuepushie kazi." Alivuta pumzi kama aliyeshushiwa mzigo, akamwekea mkono begani. "Na kuhusu safu, Redio hajakosea. Kaandike kwenye vikombe. Hatutakucheka sana."

Hapo ndipo Wendell aliposimama. Kwenda ukutani ni hatua sita, naye alizikanyaga zote kwa kisigino. Aliandika jina lake chini ya KITAKO KITUPU akikandamiza mpaka ncha ya penseli ikavunjika, akaichonga kwa kisu chake cha mfukoni, akamalizia herufi mbili za mwisho.

"Una roho ngumu wewe," alisema Daktari aliporudi.

Askofu alikuwa anamtazama, na macho yake yalikuwa na maji. Si ya kuigiza. Wendell anamjua mtu huyu miaka arobaini. Ndiye aliyempitishia plau ya theluji hadi mlangoni siku zote Wendell alizokuwa akimuuguza mkewe, bila kuombwa na bila kushuka kusubiri asante.

"Ndiyo maana nakupenda," alisema Askofu. Akatoa kwenye koti kopo la bati, akalisukuma mezani. "Nta ya nyuki wangu mwenyewe. Sijawahi kumpa mtu. Paka nayo Jumamosi, uipe bunduki yako buriani nzuri."

Wendell alilishika kopo. Hasira yote aliyoilea tangu jana iliteleza, akabaki na aibu isiyo yake. Aibu ya nini, hata hakuelewa. Alijua kitu kimoja tu, kwamba lazima akitoe kile kikombe kabla Verna hajaleta kahawa. Mkono wake ukaanza kusafiri juu ya meza, ukipita chumvi, ukipita siagi.

Redio aliupiga kofi. "Wewe! Kikombe cha Askofu hakiguswi!"

"Nilitaka kukiangalia tu. Kina ufa."

"Ufa wapi? Unataka kumloga mwenzako kabla ya mashindano?"

"Redio, niache nikifute, kina vumbi!"

"Leo ana nini huyu? Hayo maji ya limau yamempanda kichwani."

"Sogeza mikono, nawaunguza," alisema Verna aliyekuwa ameshafika na birika. Kwa mkono wa kushoto alikishika kikombe cha Askofu, akakigeuza kwa mazoea ya miaka, akakiweka kisimame. Birika likabaki hewani.

Katikati ya meza, pale kikombe kilipokuwa, kilikaa kikombe cha shaba.

"Ala," alisema Verna. "Askofu, kikombe chako kimezaa."

Uso wa Askofu ulipauka kuanzia masikioni. Wendell aliangalia limau lake. Alitaka kusema kitu cha kulainisha, lakini kabla hajakipata kiti kilikwaruza sakafu, na aliyesimama hakuwa Askofu.

Alikuwa Redio.

"Jamani," alisema Redio, akipapasa mifuko yake yote, "mnajua nimesahau miwani? Pale ukutani nimejiandika gizagiza. Nahisi nimekosea safu."

Alikwenda mbio. Wakasikia kifutio kinasugua.

"Mimi vilevile," alisema Daktari, akiweka uma chini. "Mwandiko wangu mnaujua. Wauza dawa wenyewe walikuwa wanalalamika." Akaondoka na leso ya mezani bado ikiwa shingoni.

Wendell aligeuka akawatazama wale wawili ukutani, wakinyang'anyana penseli, na zile ndoo zikamrudia. Redio na kumbukumbu yake. Daktari na chai aliyoiacha. Kumbe kila mmoja alikiona kile kikombe mezani akadhani amewekewa yeye.

"Nyote?" alisema kwa sauti. "Nyote mmevaa?"

"Nilianza baada ya Askofu!" alisema Redio bila kugeuka. "Niliona mtu hawezi kupiga vile bila msaada!"

"Na mimi nilianza baada ya Redio," alisema Daktari. "Nilisema, kama Redio anapata shabaha, kuna kitu."

Askofu alikiokota kile kikombe, akakizungusha kati ya vidole. Sauti ya mahubiri ilikuwa imemtoka yote.

"Umeiyeyusha," alisema.

"Jana."

"Mwaka wa kwanza nilikushinda kwa haki, Wendell. Nakuapia."

"Wa kwanza tu?"

"Na wa pili nusu." Alikirudisha kile kikombe mezani. "Viliniishia katikati."

Wendell aliona kicheko kinamjia kutoka tumboni, hakukitegemea, na hakukizuia. Alicheka mpaka meza ikatikisika na chumvi ikaanguka. Miaka kumi na tisa anapima risasi moja moja kwa mizani ya mfua dhahabu, anapigana na watu watatu wenye chupi za shaba, na bado alikuwa akishindwa kwa alama mbili! Hakuwa mpigaji mbaya. Hakuwahi kuwa mpigaji mbaya hata siku moja. Kichekoni humo chozi lilimtoka, akaliacha lishuke.

"Na mbayuwayu?" aliuliza.

"Wapo wawili watatu," alisema Askofu, naye akaanza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alisimama, mkono kiunoni, akaenda ukutani kwa mwendo wa kwenda kuungama, akafuta jina lake mahali Redio alipoliandika, akaliandika upya safu ya pili. Alirudi, akalisukuma tena lile kopo la nta kuelekea kwa Wendell, maana Wendell alikuwa ameliacha katikati ya meza. Wendell akalitia mfukoni, upande wa moyo.

Sasa safu ya vikombe ilikuwa na majina matatu yaliyobanana. Safu ya kitako kitupu ilikuwa na moja, lililokandamizwa kwa penseli mpaka karatasi imetoboka.

"Basi, bingwa ni wewe," alisema Daktari. "Hata usipokuja Jumamosi."

"Njoo lakini," alisema Redio. "Utapiga peke yako, sisi tutakushangilia. Uwanja mzima, mtu mmoja asiye na chupi."

Wendell alikitazama kikaango pale ukutani. Alikuwa ameshaanza kuchagua mahali pa kukwaruza jina, chini kidogo ya mpini. Alisukuma pembeni maji yake ya limau, akanyoosha kidole kwenye birika.

"Verna," alisema, "nimiminie kahawa."

Meza nzima ilipiga kelele. Redio alisimama kwenye kiti. Verna alimletea kikombe chenye jina lake, kilichokaa kabatini miaka minane, akakipuliza vumbi, akamimina mpaka ukingoni kabisa, mahali ambapo tone moja zaidi lingefurika. Wendell aliinama, akanusa kwa macho yaliyofumbwa, akapiga funda moja la kwanza, kubwa, la mtu aliyetoka kifungoni.

Nje honi ya katibu ililia. Saa nne.

"Ngojeni niipeleke," alisema Verna. Aliibandua karatasi ukutani, akaitandaza juu ya kaunta, akashika penseli, na chini ya jina la Wendell, safu ya kitako kitupu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizonyooka.

Redio alishuka kitini. "Verna, unafanya nini? Hiyo ni safu ya kitako kitupu."

"Najua kusoma."

"Una bunduki?"

"Ya marehemu mama. Na kalibu yake. Nasubu kila Jumapili, nikishafunga hapa."

"Lakini mama, safu hiyo haivai..."

"Kwani nani alikwambia mimi navaa?" alisema Verna.

Daktari alikabwa na pankeki. Askofu ilibidi ampige mgongoni, akaumiza na wa kwake. Verna aliichukua karatasi kwa mkono mmoja. Kwa mwingine alikusanya vikombe vinne alivyovijaza upya vya wale wa meza ya pili, waliokuwa wamehamia nje kwenye jua, akapita kati ya viti, akafungua mlango kwa kiwiko, akashuka ngazi tatu zenye barafu kumfuata katibu.

Wendell alimsindikiza kwa macho kupitia dirishani. Alimwona anavuka uwanja wa magari, anaruka dimbwi, anampa katibu karatasi, anageuka. Alivitazama vile vikombe. Kahawa ilikuwa imetulia hadi ukingoni, hakuna hata kimoja kilichochezacheza.

Alirudisha macho kwenye kikombe chake. Aliunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, vidole vimekunjuliwa, akauangalia kwa muda. Kisha alikisukuma kile kikombe taratibu mpaka mbele ya Redio.

"Akirudi," alisema, "mwambieni aniletee maji yangu ya moto."